Karatasi ya matundu matatu: yanayosemwa kuhusu shabaha ya raifo nyepesi, na ukweli wake

Ami yangu alitoa kikaratasi mfukoni pale barazani kwetu Kikwajuni, akakitandaza juu ya paja. Kilikuwa na matundu matatu ya risasi, yamekaribiana hata sarafu ya shilingi 200 ikayafunika yote. Muuzaji kampa kuwa ndio ushahidi: raifo nyepesi ya kiwandani, mita 100, risasi tatu. Ami keshakuwa tayari kulipa. Nikamuuliza jambo moja tu: "Ami, karatasi nyengine ziko wapi?" Akanuna, na kahawa yake hakuimaliza.

Namwelewa. Kwetu Unguja msasi tunayemjua ni yule anayeingia maweni ya kusini na mbwa wake, kuwafukuza nguruwe mwitu wanaomaliza mihogo ya watu, na bunduki yake ni ya marisau. Kichaka ni kinene, mnyama yuko hatua ishirini, na anayesifiwa ni mwenye mkono mwepesi. Raifo ni ya Bara, kwa mwenye kibali, ambako swala husimama mita 150 au 200. Na heri ibaki huko huko, maana risasi yake huweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na ikigonga jiwe la matumbawe haijulikani itaelekea wapi. Kisiwa chetu kimejaa watu. Lakini mtu aliyezoea marisau akienda dukani kununua raifo, huenda na maneno ya kusikia, na mengi katika hayo si kweli.

"Risasi tatu zimeingia pamoja, basi bunduki hii ina shabaha."

Hii ndiyo inayowaponza wengi, na ndiyo nitakayokaa nayo. Risasi tatu ni chache mno. Ni sawa na kuihukumu masika nzima kwa mvua ya siku tatu. Bunduki ile ile, siku ile ile, mpigaji yule yule, huweza kutoa kundi (nafasi baina ya matundu mawili yaliyo mbali kabisa) la sentimita 2, na dakika kumi baadaye la sentimita 5, bila ya chochote kubadilika. Ni bahati tu jinsi risasi zilivyoangukia. Kwa wastani, bunduki ikipigwa risasi tano badala ya tatu, kundi hupanuka kwa zaidi kidogo ya robo. Zikiwa kumi, hupanuka kwa zaidi ya nusu. Bunduki haikuharibika, mwanzo ulikuwa hujaiona yote.

Sasa fikiria mtu amepiga makundi manane, akachagua moja zuri, akalitia mfukoni. Hakusema uongo. Matundu yale ni ya kweli. Ila yale saba hayapo, na ndiyo niliyokuwa nikiyauliza.

Viwanda navyo huahidi. Kipimo chao ni dakika ya nyuzi, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja, ambayo kwa mita 100 ni sentimita 2.9. Tikka ya Finland huahidi risasi tatu ndani ya dakika moja. Sako, wanaotengeneza hizo Tikka, kwa bunduki zenye jina lao wenyewe huahidi risasi tano. Weatherby ya Marekani huahidi risasi tatu ndani ya dakika moja, kwa risasi zao au nyengine za daraja la juu. Kwa maoni yangu ahadi ya risasi tano ina uzito kuliko ya tatu, hata kama namba ya dakika ni ile ile. Usisome dakika peke yake. Soma ni risasi ngapi, na ni risasi gani.

"Mtutu mwembamba hauna shabaha."

Mtutu mwembamba hupata moto haraka, hilo ni kweli. Ukipiga mfululizo, kufika risasi ya nne au ya tano chuma kimetanuka, na kama mtutu unagusa ubao wa mbele ulio chini yake, matundu huanza kuhama pole pole, mara nyingi kwa upande mmoja. Mtu akiona hivyo husema bunduki mbovu. Lakini nani anayemwinda swala kwa risasi kumi mfululizo? Msasi hupiga moja, mtutu ukiwa wa baridi, pengine na ya pili. Risasi ya baridi ndiyo inayoleta nyama.

Kwa hiyo bunduki nyepesi ipimwe kwa kazi yake. Piga risasi moja asubuhi, kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, uiondoe karatasi na kuihifadhi. Siku ya pili rudisha karatasi ile ile, piga moja. Ukifika siku ya tano au ya kumi una kundi linalosema kweli kuliko lolote la dukani. Ni kazi ya kuchosha, najua, na risasi ni ghali. Ami alifanya hivyo kwa bunduki ya rafiki yake kabla ya kununua inayofanana nayo, na kuanzia hapo tukaanza tena kuzungumza.

"Nyepesi inaruka, ndiyo maana haipigi."

Inaruka kweli. Kwa risasi ile ile, bunduki ya kilo 2.5 hupiga teke lenye nguvu mara moja na nusu ya lile la bunduki ya kilo 3.75. Ila risasi hutoka mtutuni ndani ya sehemu moja na kitu tu katika elfu ya sekunde, kabla bega halijasikia kitu. Kinachoharibu ni mtu anayelisubiri teke: anafumba macho, anakaza bega, anavuta kifyatuo kwa ghafla. Mwambie mwenzako akutilie risasi bandia ya mazoezi katikati ya zile za kweli bila ya wewe kujua. Ukiifikia, utauona mdomo wa bunduki ukitumbukia chini wenyewe. Hiyo si kasoro ya kiwanda.

Kifyatuo kizito huzidisha tatizo hilo. Ikiwa bunduki ina kilo 2.5 na kifyatuo kinataka kilo 3, kidole kinaiburura bunduki nzima. Pima kwa mizani ya kuning'iniza, hiyo hiyo ya samaki, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili. Kilo moja na nusu hivi inatosha kwa msasi.

"Ghali ndiyo yenye shabaha." Hapana. Siku hizi raifo za bei ya chini, kama Ruger American, hupiga vizuri. Fedha ya ziada mara nyingi hununua wepesi, mbao nzuri na kazi ya mkono.

"Mtutu mfupi hutawanya." Mtutu mfupi hupoteza mwendo wa risasi kidogo, lakini kwa unene ule ule hautikisiki wala kupinda kama mrefu.

"Risasi yoyote, madhali inaingia." Mikato ya ndani ya mtutu huizungusha risasi, na kila risasi hutaka mzunguko wake. Raifo ya .223 inayozungusha mara moja kwa inchi 12 huipeleka vyema risasi ya greni 55 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), lakini ukiitia ndefu ya greni 75 matundu huingia kiubavu. Usiihukumu bunduki kwa boksi moja la risasi, na usiisifu kwa hilo pia.

Swali ambalo ami hakuulizwa na muuzaji ni hili: unahitaji shabaha ya kiasi gani? Mahali pa moyo na mapafu ya swala pala pana upana wa sentimita 15 au zaidi. Raifo ya dakika mbili, ambayo watu huidharau, kwa mita 200 hubaki ndani ya duara la sentimita 12, yaani 6 kutoka katikati. Inatosha. Na sisi tunataka kumfikia mnyama angali na roho tumchinje. Aliyepigwa tumboni hukimbilia porini akafa kabla ya kisu.

Dukani, ambako kwa kawaida huruhusiwi kupiga, angalia mdomo wa mtutu kama hauna mkwaruzo. Pitisha karatasi baina ya mtutu na ubao wa mbele. Ikikwama, uliza kwa nini. Ikiwa ni bunduki iliyokwisha kutumika, shika darubini ya kulengea na uitikise kwa mkono, kisha uombe bisibisi ujaribu skurubu zake, maana nimeona mitutu mizuri ikiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu ya skurubu moja iliyolegea.