Kwa nini kijiko cha fedha halisi hugeuka cheusi?

Anayetafuta seti ya vijiko, uma na visu vya fedha kwa ajili ya meza ya wageni hapa Dodoma ataambiwa mapema: kikishika weusi, ni feki. Ukweli uko upande wa pili. Kijiko kinachokaa kabatini miaka bila kuguswa na bado kinang'aa, karibu hakika ni stenlesi.

Fedha ya mezani huwa na sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Zilizobaki kwa kawaida ni shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini na uma wake ungepinda. Kinachoitia weusi ni salfa iliyo kwenye mayai, vitunguu, raba na hewa yenyewe. Fedha huanza kuwa ya manjano, kisha kahawia, halafu nyeusi. Unyevu huharakisha kazi hiyo, ndiyo maana kiangazi cha Dodoma ni rafiki wa fedha kuliko hewa ya Tanga.

Weusi huo haukutua juu kama vumbi. Ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa, kama ukoko ulivyo ugali ulioshika sufuria: ukiukwangua, ugali umepungua. Kusugua kila wiki hula nakshi polepole. Afadhali urudishe fedha mahali pake. Chukua sufuria chakavu ya alumini, panga vijiko viguse chini, mimina lita moja ya maji ya moto yenye vijiko viwili vya magadi. Alumini huivuta salfa kwa nguvu zaidi, hivyo fedha huachiwa hapohapo. Dakika chache zinatosha. Harufu ya yai viza ni ishara kwamba kazi inaendelea.

Hata hivyo, weusi peke yake si ushahidi. Vijiko vyenye muhuri wa EPNS navyo huwa vyeusi, maana juu vimepakwa fedha, ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Sumaku haisaidii sana: hainasi fedha, lakini kwa kawaida hainasi EPNS pia.

Tafuta muhuri wa 925, kisha pima. Vijiko vya gramu 360 kwa jumla, vikizamishwa kwenye chombo chenye vipimo, hupandisha maji takriban mililita 35. Vya EPNS vyenye uzito huohuo hupandisha karibu 41. Visu usivipime hivyo: makali yake mara nyingi ni stenlesi, na mpini ni mtupu uliojazwa gundi au lami. Kwa sababu hiyohiyo usivitie kwenye maji ya moto, mpini utalegea.

Ukishaosha, kausha papo hapo, hasa kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, kwani chumvi huchimba vishimo visivyofutika. Funga kwa kitambaa cha pamba, kamwe si kwa mpira wa raba.