Kayaki Ikipinduka, Kichwa Kitoke Mwisho

Kila ninapofundisha Kisumu jinsi ya kuinuka kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kukalia ndani, inapopinduka, swali la kwanza huwa la mikono: kafi livutwe kwa nguvu kiasi gani? Naielewa hofu iliyomo. Mtu akining'inia kichwa chini, maji yakiwa yameshamwingia puani, mwili wote humsukuma atoe kichwa apate pumzi. Hapo ndipo anapokosea.

Mashua ya mbao ya wavuvi wa Dunga ikipinduka, mtu huanguka majini, akaishikilia. Kayaki yenye sketi, kitambaa cha kiunoni kinachoziba tundu la kukalia maji yasiingie, ni kama umeivaa; ikipinduka, unapinduka nayo. Wawindaji wa Greenland walijua kuinuka bila kutoka, maana kuogelea katika baridi ile ni kifo. Mwaustria Hans Edi Pawlata alijifunza mbinu hiyo mwaka 1927, naye hutajwa kuwa Mzungu wa kwanza kuiweza.

Kinachoinua kayaki ni nyonga. Tuseme unainukia kulia. Inama mbele, kifua karibu na sitaha. Ukiinama hivyo, uso na mabega huwa salama. Fagia kafi kutoka ubavuni kwenda nje, bapa likiteleza juu ya maji. Hilo ni egemeo tu. Goti la kulia ndilo linalosukuma sitaha juu, nyonga igeuke kwa mpigo mmoja. Kayaki ikikaa sawa, kiwiliwili kinafuata, na kichwa, kikiwa kimelalia bega la kulia, kinatoka mwisho kabisa.

Kichwa kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikiwa majini, kinabebwa na maji. Ukikiinua mapema, uzito huo unalielemea kafi, na shingo ikijikunja kushoto, goti la kushoto nalo hukaza na kukurudisha chini.

Mvuvi mmoja niliyemfundisha, mwenye mabega ya kuvuta nyavu, alishindwa asubuhi nzima. Nikamnyang'anya kafi. Akashika ukingo wa bwawa, sikio juu ya mikono, akaigeuza kayaki huku na huku kwa nyonga, mara nyingi sana, mpaka sikio likaacha kubanduka mikononi. Nilipomrudishia kafi, akainuka jaribio la tatu, macho bado yakitazama maji.

Zoezi hili lifanyike bwawani, nasisitiza. Maji ya kando ya Ziwa Victoria yana konokono wa kichocho, na mdudu wake hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Viboko nao wako.

Na kabla ya yote haya, jifunze kutoka. Inama mbele, papasa ukingo wa sketi, vuta kitanzi chake kwa mbele, sukuma nyonga nje. Sketi isivaliwe kama kitanzi kimefichika ndani. Ukijaribu kuinuka mara mbili ukashindwa, usingoje ya tatu ukiwa huna pumzi: toka, ushikilie kayaki na kafi, jaketi la kuokolea likuweke juu ya maji, mwenzako aje.