Maziwa hayaui sumu: mbwa mgonjwa katika nyumba inayokarabatiwa

Mafundi wakishaingia nyumbani, mbwa hukagua kila kitu kwa pua na ulimi: kopo la rangi, mfuko wa saruji, sumu iliyotegwa darini. Ndipo napigiwa simu, na kabla sijauliza mbwa amekula nini, mwenyewe ananiambia, "Nimeshampa maziwa, daktari." Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na leo nalijibu kwa urefu.

Dhana: Maziwa huua sumu.

Hayaui. Ndani ya maziwa hamna chochote cha kuivunja sumu ya panya, dawa ya mchwa, tina (kimiminika cha kuyeyushia rangi) wala madini ya risasi yaliyomo kwenye rangi za zamani. Kilichomo ni mafuta, na mafuta huzisaidia baadhi ya sumu kutoka tumboni na kuingia kwenye damu haraka zaidi. Tena mbwa wengi waliokomaa hawayeyushi vizuri sukari ya maziwa. Unamwongezea kuhara juu ya sumu, nami nikimpokea inaniwia vigumu kujua dalili ipi imeletwa na nini.

Chukua sumu ya panya, kwa sababu dari ikifunguliwa panya huhama na mtu hukimbilia kutega. Sumu hizo si za aina moja. Yenye zinki fosfaidi ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua. Ukimlisha mbwa, tumbo huzalisha asidi zaidi na gesi huongezeka. Kwa hiyo anayembembeleza mbwa wake amalize bakuli la maziwa anaichochea sumu ile ile anayotaka kuizima. (Na akitapika, asitapikie chumbani mlimofungwa madirisha, maana gesi hiyo ni hatari kwenu pia.)

Aina nyingine huzuia damu kuganda, na hii ndiyo iliyoipa dhana ya maziwa umri mrefu. Mbwa aliyeila huendelea kula na kucheza kwa siku 3 hadi 5, na mwenyewe anaamini maziwa yamefanya kazi. Halafu fizi zinapauka, mbwa anahema kwa shida, ukimpima unakuta damu inavujia kifuani. Huyu alihitaji vitamini K1, mara nyingi kwa wiki 3 au 4 mfululizo, kisha kipimo cha kuganda kwa damu baada ya kumaliza dawa. Kama angeletwa ndani ya saa moja au mbili baada ya kula, pengine ningemtapisha na mambo yangekuwa mepesi.

Lakini kumtapisha ni kazi yangu, si yako. Aliyelamba kitu kinachochoma, kama chokaa au dawa kali ya kuzibulia mabomba, akitapika huungua koo mara ya pili. Aliyekunywa tina au mafuta ya taa anaweza kuyavuta mapafuni wakati wa kutapika, na nimonia ya namna hiyo ni ngumu kuitibu. Na chumvi! Chumvi inayomiminwa kooni inaweza isimtapishe kabisa, ikabaki mwilini, sodiamu ikapanda kwenye damu hadi ubongo ukaathirika. Mbwa anatetemeka, anapata degedege, na wapo wanaouawa na chumvi wakati walichokimeza kisingewaua. Sitaki kuiona tena. Mkaa wa jikoni uliotwangwa nao si mkaa wa dawa, ule tunaoutumia kunasa sumu tumboni, na hata mkaa wa dawa hauishiki risasi wala metali nyingine nzito.

Zipo hali chache ambapo mimi mwenyewe naweza kukuambia mpe maji au maziwa kidogo ili kupunguza makali ya kitu kinachochoma. Naamua hivyo nikishajua kilichomezwa. Kwa hiyo mwondoe mbwa mahali pale, shika kopo au pakiti mkononi, kisha piga simu. Nitakuuliza ni kitu gani, kimepungua kiasi gani, saa ngapi, mbwa ana kilo ngapi na anatumia dawa gani. Kopo lenyewe uje nalo. Niliwahi kuletewa chupa ya gundi ya mbao iliyotobolewa kwa meno, na lebo yake ilionyesha kwamba ni ile ya poliyurethani inayofura ikikutana na unyevu. Gundi hiyo hujaa tumboni na kukauka ikawa bonge gumu, na mara nyingi hutolewa kwa upasuaji. Mbwa alikuwa bado anatikisa mkia, lakini ile lebo ilitosha kunipeleka kwenye eksirei bila kupoteza muda.

Dhana: Rangi iliyoganda kwenye manyoya hutolewa kwa tina.

Tina huchoma ngozi, na mbwa atailamba. Rangi ya maji itoe kwa sabuni laini na maji. Ya mafuta ikishakauka, kata manyoya. Yataota tena.

Dhana: Saruji mbichi haina neno, ikikauka itapukutika.

Saruji mbichi ni kali, na kidonda chake huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, hasa katikati ya vidole. Osha nyayo kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, na umzuie asijilambe. Usimwagie siki kwa kudhani itaikata makali. Maji yanatosha.

Dhana: Vumbi la msasa ni tatizo la mafundi, si la mbwa.

Kama nyumba ni ya zamani, vumbi hilo linaweza kuwa na risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978, na kuta zilizopakwa kabla ya hapo bado zipo. Mbwa hutembea juu ya vumbi kisha hulamba nyayo. Kutapika, tumbo kuuma na degedege ndizo dalili, na watoto wa mbwa huathirika zaidi.

Dhana: Mbwa hanywi maji machafu kama ana yake safi.

Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari, au anayetumia predinisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), hunywa kupita kawaida. Bakuli lake likiisha, ndoo ya kuoshea brashi ndiyo inayofuata. Mwekee mabakuli mawili chumba ambacho mafundi hawaingii, mlango ufungwe.

Dhana: Halii, basi haumwi.

Mbwa mwenye maumivu ya viungo mara nyingi hulala tu. Tailizi mpya zinazoteleza humfanya asite kuinuka, na watu husema ameudhika na kelele. Tandika mikeka yenye mpira chini kutoka anapolala hadi anapokulia. Usimpe ibuprofeni yako, kwa sababu hutoboa tumbo na kuharibu figo, na kwa mbwa mwenye figo dhaifu hata kiasi kidogo ni hatari. Mrekodi kwa simu akiinuka asubuhi na uniletee video hiyo, maana akifika kliniki woga humfanya atembee kama mzima.