Nta ya Kwenye Dari na AC: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

“Nta inayowekwa juu ya dari ili kupunguza kazi ya AC (kiyoyozi) hutengeneza baridi.” Haitengenezi. Ni nta, au chumvi maalumu yenye maji ndani yake, iliyofungwa kwenye vibao au mifuko na kupangwa juu ya dari. Chumba kikipata joto, huyeyuka, na inapoyeyuka hufyonza joto jingi bila yenyewe kuwa moto zaidi. Barafu ndiyo kipimo kizuri: kilo moja ikiyeyuka humeza joto ambalo lingepasha maji yake kutoka nyuzi 0 hadi 80. Nta humeza kidogo zaidi ya nusu ya hapo, ila hufanya hivyo kwenye nyuzi za chumba cha kawaida. Joto hilo sharti litolewe usiku. Lisipotolewa, nta haigandi tena, na kesho yake haina kazi.

“Nairobi kuna baridi, hayo ni mambo ya Mombasa.” Hapa wengi huteleza. Februari, Nairobi hufika nyuzi 27 au 28 mchana, kisha usiku hushuka hadi karibu 14. Hewa hiyo hugandisha nta bure, au kwa feni tu. Mombasa, usiku wa mwezi huo huo haushuki sana chini ya 23. Nta ya nyuzi 23, yaani inayoyeyuka na kuganda kwenye nyuzi hizo, itabaki majimaji mpaka AC iigandishe, na umeme huo utaulipia. Bado kuna nafuu, kwa sababu AC haihangaiki sana hewa ya nje ikiwa imepoa, lakini ya bure haipo. Kikwazo cha Nairobi ni askari anayefunga madirisha yote jioni. Namwelewa, wezi wapo. Basi wekeni matundu ya hewa yenye nondo.

“Hata mishumaa ya dukani itafaa.” Huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 50. Ofisi ikifika huko, waite zimamoto.

“Ukishaiweka, bili hushuka yenyewe.” Mwenye rimoti ndiye mwenye bili. Nta ya nyuzi 24 ndani ya chumba ambacho AC imewekwa 19 haiyeyuki kamwe. Umenunua dari nzito tu. Pandisha AC hadi 26, nta ibebe joto la kuanzia saa sita, na AC iwake nta ikilemewa.

“Zote ni sawa.” Nta hushika moto, kwa hiyo uliza imefungwa ndani ya nini. Chumvi haiwaki, lakini hula chuma, na ikiyeyuka na kuganda mara nyingi huweza kujitenga na maji yake ikapoteza nguvu.