Je, wajua kwa nini ng'ombe wa Ukara walilazwa shimoni?

Ukara ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, kaskazini mwa Ukerewe, mkoani Mwanza. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 80 hivi, na sehemu kubwa ni majabali na mchanga uliotokana na majabali hayohayo. Wengi wetu jina lake tulilisikia kwa msiba, 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani humo, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha.

Ardhi ya kichanga namna hiyo, kwingine ingelimwa misimu michache kisha ikaachwa ipumzike. Ukara hapakuwa na nafasi ya kupumzisha shamba. Tangu zama za ukoloni kisiwa kilikuwa na watu wapatao 200 kwa kila kilomita ya mraba, wakati wastani wa Tanzania nzima, hata kwa sensa ya 2022, ni 70 hivi. Sasa watu wote hao walikula nini?

Jibu lilikuwa chini ya kwato za ng'ombe. Mkara hakuwa na malisho ya kuachia mifugo, basi ng'ombe wake mmoja au wawili walifugwa ndani ya nyumba, mahali palipochimbwa pakashuka chini ya usawa wa sakafu. Majani waliletewa humo humo. Yaliyobaki yakakanyagwa, yakachanganyika na kinyesi na mkojo, tabaka juu ya tabaka, mpaka shimo likajaa. Hapo samadi ilichimbuliwa na kupelekwa shambani kwa vikapu, kichwani. Hakuna tone lililopotea.

Majani nayo yalitoka wapi? Yalipandwa! Ufukweni watu walichimba mashimo hadi kufikia unyevu wa ziwa, wakaotesha humo nyasi za kukata. Miti pia ilikatwa majani, na usidhani ni miti ya porini: kila mti ulikuwa na mwenyewe, kama kila kipande cha shamba kilivyokuwa na mwenyewe.

Ujanja mwingine, ambao mimi ndio unaonistaajabisha zaidi, ulikuwa katikati ya uwele. Uwele ukiwa bado shambani, walisia marejea, mmea wa jamii ya kunde, katikati yake. Uwele ukivunwa, marejea yaliendelea kukua, kisha yakafukiwa ardhini yaoze, yawe mbolea. Mwaka mwingine shamba lilipata njugumawe au muhogo. Mabondeni walilima mpunga, na miteremkoni walipanga mawe kuzuia udongo usisombwe na mvua.

Ungetarajia Wakara waliohama kisiwa chao, na wamehama wengi kwenda Ukerewe, Geita na kwingineko, waende na ufundi huu. Wengi waliuacha. Ukipata ekari za kutosha, huna haja ya kumkatia ng'ombe majani kila siku wala kubeba samadi kichwani; unalima eneo kubwa zaidi, kazi inapungua, mavuno yanatosha. Ufundi waliujua vizuri mno. Walijua pia jinsi unavyochosha mgongo.