Kubinafsisha kibodi si kuitia taa

Nimeambiwa tena wiki hii, katika duka la vifaa vya simu hapa Usita wa Mui, Lamu: "Hii kibodi imebinafsishwa, mwalimu. Tazama taa." Nikatazama. Rangi zilikuwa zikizunguka kama taa za harusi. Herufi zilikuwa palepale kiwanda kilipoziweka.

Kwa ufupi, kibodi au kipanya kinachobinafsishika ni kile ambacho wewe mwenyewe unaamua kila kitufe kifanye nini. Basi.

Neno lenyewe ndilo lenye kisa. Mzee mmoja barazani alinisikia nikilitaja akauliza hiyo kibodi wameuziwa akina nani. Ana haki. Kwa watu wa umri wake kubinafsisha ni yale yaliyoipata Kenya Airways mwaka 1996, mali ya serikali ikauzwa kwa wenye hisa. Baadaye watafsiri wa programu wakalichukua neno lilelile wakaliweka kwenye menyu za simu, kwa maana ya kukifanya kitu kikufae wewe. Wala hawakukosea. Mna nafsi humo ndani, tuliyoipata kwa Kiarabu. Ile bi- ya mwanzo ni "kwa", na binafsi ikawa mtu kwa nafsi yake. Tukaitia -isha, ikawa kitendo. Ukoo huohuo ukamzaa ubinafsi, ambaye hapendwi na mtu.

Mimi ningeanzia kwenye maneno ya mafundi wetu, kushonesha na kuchongesha. Mtu wa Lamu akisema amechongesha mlango, hakuna anayedhani amenunua ulio tayari akaupaka rangi. Fundi alikuja akapima, akauliza nakshi ipi, mwenye nyumba akabadilisha mawazo mara mbili. Niliwahi kufikiria "kibodi ya kupangisha", kwa kuwa kazi yenyewe ni kupanga vitufe, nikakumbuka kwamba kupangisha ni kodi ya nyumba. Kubinafsisha na kubaki, basi.

Hata ukiziweka taa kando, bado kuna jambo ambalo wauzaji hulichanganya. Kibodi nyingi huja na programu ya kusakinisha, na baadhi yake mabadiliko yako hukaa ndani ya kompyuta, si ndani ya kibodi. Ichomoe, panda boti hadi kazini Mokowe, ichomeke kule: imekusahau. Nyingine huandika mpangilio wako kwenye chipu yake yenyewe, na popote uendapo unakwenda nao. Programu huria ya QMK, inayokaa ndani ya kibodi yenyewe, inafanya kazi hivyo, na kwa kibodi zinazoikubali VIA, programu ya kupangia vitufe kutoka kwenye kompyuta, unabadilisha kitufe papo hapo. Vipanya navyo vimegawanyika vivyo hivyo. Vipo vinavyohifadhi ndani yake kasi ya mshale na kazi ya vitufe vya ubavuni.

Nilianza kuzitafuta hizi kwa sababu ya ng'ombe. Na ng'ambo, na kung'oa. Ukiandika Kiswahili kutwa, ile alama ya ritifaa inakichosha kidole cha mwisho, ilhali Q na X zimekaa bure, kwani Kiswahili sanifu hakina herufi hizo. Kwangu Q hutoa ng' nzima kwa mbonyo mmoja. Ile q yenyewe nimeishusha tabaka la pili, naifikia kwa kushikilia kitufe kingine, maana nywila za watu hazijui Kiswahili.

Kwa hiyo, kijana wangu wa dukani, sikugombezi. Kibodi yako ni nzuri, nayo ni kibodi ya taa. Iite hivyo na uiuze kwa bei ya taa. Mteja akitaka ya kubinafsisha, mbadilishie kitufe kimoja mbele yake, kisha ichomoe uichomeke kwenye kompyuta ya jirani, mbonyeze pamoja.