Je, wajua kwa nini choo kisichojaa mjini Goma, mashariki mwa Kongo, hakistahili sifa?

Ukitafuta nyumba ya kupanga Goma, mwenye nyumba anaweza kukusifia choo: kina miaka mingi na hakijawahi kujaa. Ukiuliza uchafu unakwenda wapi, utaambiwa mawe ya volkano yana matundu, kwa hiyo yanauchuja na maji yanafika chini yakiwa safi. Matundu yapo kweli. Hayo mengine ndiyo yenye shida.

Mji umekaa juu ya lava, yaani mawe yaliyoyeyuka yakaganda, ya volkano ya Nyiragongo. Ile ya Januari 2002 ilikatiza katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na mahali ilipopita jembe ni pambo tu. Shimo huchimbwa kwa mtaimbo na nyundo. Mwaka 1994, wakimbizi walipofurika kutoka Rwanda, mwamba ulikwamisha uchimbaji wa vyoo, na kipindupindu kikaua maelfu ndani ya wiki chache.

Lava ikipoa husinyaa na kupasuka. Nyufa hizo humeza mvua upesi, na zinameza na mengine.

Wengi hudhani udongo husafisha maji kwa sababu matundu yake ni madogo kuliko vimelea. Sivyo. Kimelea cha kipindupindu kina urefu wa kama sehemu mbili kati ya elfu moja za milimita. Hata katikati ya chembe za mchanga kinapenya. Fikiria mtu mwenye madeni anayekatiza soko la Virunga saa tano asubuhi. Nafasi ya kupita ipo, ila kila hatua anagusana na mtu, anashikwa mkono, anasimamishwa, na jua linazama hajatokea upande wa pili. Ndivyo udongo unavyofanya: maji yanashuka polepole, vimelea vinanata kwenye chembe, vinaliwa na viumbe wengine au vinakufa kwa kukawia. Ufa wa milimita 2 ni barabara tupu. Mdaiwa amekwisha vuka.

Hata hivyo, tusiutwike mwamba kila kuhara. Bidoni (dumu) chafu, mikono, na maji ya ziwa yasiyotiwa klorini vinatosha kueneza kipindupindu. Na pale majivu na udongo vilipojikusanya juu ya lava, usafishaji hurudi kwa kiasi.

Kwa hiyo fundi anayejua hashuki, anapanda: choo kinainuliwa ngazi kadhaa, chini yake tangi la mawe yaleyale ya lava, ndani likipigwa saruji lisivuje. Tangi hilo hujaa, na mwenye nyumba hulalamika, maana sasa analipia kulitapisha.